Pampu ya Maji Imekufa: Kwa Nini Alipe Dereva?



Katika mashamba ya miwa na ya chai, na katika viwanda vinavyoishi kwa mazao ya mashamba hayo, kuna desturi moja iliyokaa muda mrefu hata watu wameizoea kama mvua ya masika. Injini ya trekta ikichemka na kukwama, wa kwanza kuitwa ofisini ni dereva. Haulizwi trekta lilikuwa na hali gani asubuhi. Haulizwi pampu ya maji ilifungwa lini, wala mkanda wa feni ulibadilishwa lini. Huulizwa swali moja tu: "Kwa nini hukutazama geji?" Kabla hajamaliza kujibu, karatasi ya kumkata mshahara imekwisha andikwa.

Sisi tunasema desturi hiyo ni uonevu. Tunasema pia kwamba haitakoma kwa kulalamika. Itakoma siku wafanyakazi wenyewe, yaani dereva, utingo, fundi na hata mkata miwa anayepanda juu ya tela, watakapojua jinsi injini inavyopozwa na jinsi pampu ya maji inavyochakaa, na wakaweza kuyasema hayo mbele ya meneja bila kubabaika.

Wako wanachama wanaotuambia kuwa kazi ya chama ni mishahara na nyumba, na mambo ya pampu waachiwe makanika. Ndugu hao tunawaheshimu, lakini katika hili hatukubaliani nao hata kidogo. Mtu anayekatwa mshahara miezi kadhaa kwa ajili ya injini iliyokufa, hilo si jambo la mshahara? Wakubwa wanashinda mashauri haya kwa sababu wanasema maneno ya ufundi na sisi tunajibu kwa maneno ya huruma. Huruma haijawahi kurudisha shilingi iliyokatwa.

Basi tuanze na injini yenyewe.

Dizeli inapoungua ndani ya silinda, karibu theluthi moja tu ya moto wake ndiyo inayogeuka kuwa nguvu ya kuvuta. Theluthi nyingine hutoka na moshi. Inayobaki, ambayo pia hukaribia theluthi, huingia katika chuma cha injini, na lazima iondolewe na maji na upepo, la sivyo chuma kitavimba na pistoni zitang'ang'ania ndani ya silinda. Kazi ya kuyazungusha maji hayo ni ya pampu. Katika matrekta mengi ya Massey Ferguson yenye injini ya Perkins, ambayo madereva wengi wa mashamba yetu wamejifunzia kazi, feni imefungwa juu ya mhimili uleule wa pampu, na mkanda mmoja huzungusha vyote viwili. Mkanda ukilegea, pampu inalegea na feni inalegea kwa pamoja.

Ndani ya pampu hakuna mambo mengi. Kuna mhimili, kuna beringi zinazoushika mhimili, kuna sili inayozuia maji yasifike kwenye beringi, na mwisho wa mhimili kuna pangaboi dogo la chuma linalosukuma maji. Maji yaliyopoa hutoka chini ya rejeta, pampu huyasukuma yazunguke silinda, yakapanda mpaka kichwani mwa injini, yakapita kwenye themostati na kurudi juu ya rejeta. Mzunguko huo ukisimama dakika chache tu wakati trekta linavuta tela mbili za miwa mlimani, injini iko hatarini.

Sasa, pampu haifi ghafla kama mtu aliyepigwa na radi. Hutoa taarifa kwanza, na mara nyingi taarifa hizo huonekana siku nyingi kabla. Taarifa ya kwanza iko chini ya pampu. Watengenezaji wameacha pale kitundu kidogo, katikati ya sili na beringi. Kitundu hicho si kasoro. Kimewekwa kwa makusudi, ili sili ikianza kuchoka maji yadondoke nje yaonekane, badala ya kuingia kwenye beringi na kuosha grisi yake. Injini ikiwa imepoa na imezimwa, dereva apitishe kidole pale. Kukiwa na unyevu, au michirizi ya kutu, au alama nyeupe za maji yaliyokauka, sili imeanza kwenda. Tone moja siku pampu ikiwa mpya si neno kubwa. Tone linalorudi kila asubuhi ni barua.

Tumekuta mahali pengi kitundu hicho kimezibwa. Kimezibwa kwa kijiti, kwa sabuni, hata kwa ulimbo. Anayefanya hivyo amenyamazisha kengele tu, moto haujazimika. Maji yasiyopata njia ya kutoka huingia kwenye beringi, beringi hukauka, mhimili huanza kucheza, na mhimili ukicheza sili huharibika zaidi. Kijiti kile kinaifupisha pampu maisha, na siku inapokatika kabisa, feni iliyo mbele yake yaweza kuingia kwenye rejeta na kuikata. Hapo gharama imeongezeka mara mbili kwa sababu ya kipande cha kuni.

Taarifa ya pili iko mikononi. Injini imezimwa, imepoa, na ufunguo uko mfukoni mwako wewe mwenyewe (hili la ufunguo msilipuuze, vidole havina duka la spea). Shika ncha mbili za feni, uisukume mbele na nyuma, na huku na huku. Ikicheza, beringi zimekwisha. Kisha ulegeze mkanda uutoe, uizungushe feni kwa mkono. Beringi nzima huzunguka kimya na laini. Beringi iliyokufa hukwaruza, na ukiweka mkono juu ya pampu utahisi kama kuna mchanga ndani. Injini inapofanya kazi, sauti hiyo hupanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini, na dereva mzoefu huisikia akiwa juu ya kiti.

Taarifa ya tatu ni ngumu kuliko zote, kwa maana pampu haivuji, haipigi kelele, na bado injini inachemka. Hapo kosa liko kwa pangaboi la ndani. Mahali ambapo injini hujazwa maji ya mtoni au ya mfereji, bila dawa yoyote ya kuzuia kutu, meno ya pangaboi huliwa mwaka baada ya mwaka mpaka hubaki mafupi kama meno ya mzee. Au pangaboi hulegea juu ya mhimili, mhimili ukazunguka na lenyewe likasimama. Kwa nje kila kitu kinazunguka vizuri, na mtu wa ofisini akiangalia atasema pampu ni nzima.

Hii hupimwa hivi. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, punguza maji kidogo uweze kuyaona, washa injini, uiache ipate joto pole pole. Simama kando, usiweke uso juu ya mdomo wa rejeta, na maji yakianza kupanda zima mara moja. Mpira wa juu wa rejeta ukishapata moto, maana yake themostati imefunguka, na sasa maji ndani ya rejeta yaonekane yakienda. Yakibaki yametulia kama maji ya kisimani huku injini inazidi kupata moto, ama themostati imekwama ama pampu haisukumi. Zima, ngoja ipoe, toa themostati, itumbukize kwa waya katika sufuria ya maji juu ya moto. Nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 au karibu na hapo, kabla maji hayajachemka. Ikifunguka, haina hatia. Aliyebaki ni pampu.

Na hapa tuseme neno juu ya desturi ya kuitoa themostati na kuitupa kabisa, ambayo imeenea mno. Injini isiyo na themostati hufanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi, hula mafuta zaidi na silinda huchakaa upesi. Kutoa themostati kwa kupima ni sawa. Kuitupa kwa sababu stoo haina nyingine si ufundi.

Hatusemi kila injini inayochemka ni pampu. Tukisema hivyo tutashindwa mbele ya meneja mwenye fundi mzuri, na tutastahili kushindwa. Msimu wa kuvuna, vumbi na majani makavu ya miwa huziba uso wa rejeta mpaka upepo haupiti, nayo huoshwa kwa maji kutoka upande wa injini kuelekea nje, si kinyume chake. Mkanda ukiwa umeng'aa kama kioo, huteleza, na ukiubonyeza kwa dole gumba katikati haufai kuingia sana zaidi ya nusu inchi. Mapovu yakitoka kwenye rejeta hata kabla injini haijapata moto, au oili ikawa na rangi ya chai ya maziwa, mtazame kwanza gasketi ya kichwa cha injini. Na kifuniko cha rejeta kisisahauliwe. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Upande wa Jinja, kwenye zaidi ya mita 1,100, huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na Fort Portal, kwenye mita 1,500, ni 95 tu. Kifuniko kizima hubana presha, nayo presha huyazuia maji yasichemke upesi. Trekta ambalo kifuniko chake ni tambara na mfuko wa nailoni limenyimwa kinga hiyo, na hakuna dereva duniani awezaye kuirudisha kwa kutazama geji.

Tumelitaja tena hilo geji. Tulitazame vizuri, kwa sababu juu yake ndipo dereva husulubiwa.

Geji ya joto haina macho ya kuona injini yote. Kichwa chake kimechomekwa mahali pamoja, na husoma sawasawa pale tu kinapokuwa ndani ya maji. Pampu ikimwaga maji mpaka yakashuka chini ya kichwa hicho, geji hubaki katika hewa na mvuke, na mshale waweza kushuka badala ya kupanda. Dereva anaona mshale umerudi chini, anamshukuru Mungu, anaendelea. Injini wakati huo inaungua. Kwa hiyo swali la "kwa nini hukutazama geji" laweza kuwa na jibu la kweli kabisa: nilitazama, nayo iliniambia uongo. Hatujazungumzia bado matrekta ambayo geji yake imekufa zamani, waya umening'inia, na mwenye shamba anajua.

Katika shamba moja la miwa tulilolifanyia kazi ya chama, shauri la namna hii lilimpata dereva mmoja mtu mzima, mwenye miaka mingi kazini. Injini ilikwama akiwa njiani kutoka shambani kwenda kwenye mizani, na tela mbili nyuma. Ofisi ikaamua alipe sehemu ya gharama kwa kukatwa kila mwezi. Kamati ya tawi ilipoitwa, hatukuanza kwa kuomba msamaha. Tuliomba kitu kimoja: pampu ya zamani isitupwe, iletwe mezani.

Karani kijana akatuambia, "Wazee wangu, hiyo ni chuma chakavu, itawasaidia nini?" Tukamjibu, "Kijana wetu, wewe ilete tu."

Ilipoletwa, kitundu cha chini kilikuwa kimezibwa kwa kijiti na sabuni iliyokauka. Mhimili ulicheza kiasi cha kuonekana na mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Kutu ilikuwa imechora njia ndefu kuanzia kwenye kitundu, na kutu ya namna hiyo haijichori kwa siku moja. Utingo akaeleza kwamba kwa majuma mawili alikuwa akibeba madumu mawili ya maji kila safari, na watu wote wa gereji walimwona akiyajaza. Tukaomba kadi ya stoo. Fundi alikuwa ameandika kuomba pampu, na pembeni pameandikwa neno moja la stoo: hakuna.

Pale shauri likabadilika. Lakini angalieni lilivyobadilika. Meneja hakusema, "Basi kosa ni la kampuni." Alisema, "Kumbe kosa ni la fundi, ndiye aliyeziba kitundu, akatwe yeye." Na tuseme kweli, wenzetu wawili watatu walitaka kukubali palepale, maana dereva wao angepona.

Tulikataa, na tungekataa tena. Fundi yule aliambiwa trekta litoke saa kumi na mbili asubuhi hata kwa miujiza. Aliomba pampu akanyimwa. Akatumia kijiti. Tulimwambia kijiti kile kilikuwa kazi mbaya, na alikubali. Ila baina ya kijiti na neno "hakuna", tunajua lipi lilianza. Kila mara wakubwa wakibanwa hutafuta mfanyakazi mwingine wa kubandikiwa deni, na dereva akifurahi leo kwamba limekwenda kwa fundi, kesho litakwenda kwa utingo, keshokutwa litamrudia yeye. Dereva na fundi wakigombana gerejini, anayepumzika ni mwenye stoo tupu.

Mwishowe makato yalifutwa kwa wote wawili. Hatukupata yote. Siku ambazo dereva alikaa bila trekta hazikulipwa, kwa kuwa alikuwa analipwa kwa safari, na katika mkataba hapakuwa na neno juu ya siku za kungoja matengenezo. Hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika habari hii, nasi tunataka lijadiliwe katika kila tawi. Dereva anayelipwa kwa tani au kwa safari anajua vizuri kwamba pampu inavuja. Haendelei kwa ujinga. Anaendelea kwa sababu akisimama, watoto hawali. Miwa iliyokwisha katwa nayo haingoji, kila siku inayolala shambani inapoteza sukari, na nyapara anapiga kelele. Kumhubiria mtu huyo "linda mali ya kampuni" bila kumlipa anaposimama ili kuilinda ni kumdhihaki.

Tukija kwenye sheria, tusiogope karatasi. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unahusu kulindwa kwa mishahara. Kifungu chake cha 8 chasema mshahara usikatwe ila kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na mkataba wa pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Uganda iliukubali mkataba huo mwaka 1963. Maana yake, meneja akiandika barua kwa kichwa chake mwenyewe, barua hiyo peke yake haitoshi, na mwakilishi wa tawi ana haki ya kuuliza: ni kifungu gani cha sheria, au cha mkataba wetu, kinachokupa ruhusa?

Majirani zetu wa Kenya wana maneno mazuri ya kuigwa tunapokaa kuandika mkataba wa pamoja. Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini pale tu uharibifu ulipotokana na kosa la mfanyakazi la kukusudia. Neno la kukusudia lina uzito. Dereva aliyetia mchanga kwenye injini amekusudia. Dereva aliyeendesha trekta lenye pampu ambayo ofisi ilijua imekufa hakukusudia. Kifungu hichohicho kinaweka mpaka kwamba makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Sisi mpaka huo tunauona bado ni mkubwa mno kwa mtu wa shamba, lakini ni mpaka.

Kuna na habari ya mwili, ambayo tungeiweka mbele kama mashauri ya fedha yasingekuwa yametujaa mezani. Rejeta iliyochemka ina maji ya moto kupita maji ya sufuria, yamebanwa na presha. Anayefungua kifuniko wakati huo hufunguliwa yeye. Uso, shingo, kifua na mikono huungua kwa pumzi moja, na tumewaona vijana wa utingo wenye makovu ya namna hiyo ambao hakuna aliyewafundisha chochote siku walipoajiriwa ila kubeba madumu. Injini ikichemka, simama, zima, ngoja. Ngoja mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kukuunguza. Ndipo ukifungue kifuniko kwa tambara nene, robo kwanza, presha itoke, uso umegeuzwa. Usimwage maji baridi kwenye injini iliyo moto, chuma hupasuka. Mtu akiungua, amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete na saa, kisha apelekwe zahanati. Asipakwe mafuta, dawa ya meno wala unga. Na kulanti, ile ambayo wengine huiita dawa ya rejeta, isiwekwe kwenye chupa za soda. Aina nyingi ni sumu, nazo zina utamu, na watoto wa makambini hawajui kusoma lebo.

Dereva anayesimamisha trekta kwa hatari ya namna hiyo hafanyi mgomo. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 juu ya usalama kazini, kifungu cha 13, wasema mfanyakazi aliyejiondoa mahali alipoona kwa sababu ya haki kwamba pana hatari kubwa na ya karibu alindwe asipate madhara kwa kitendo hicho. Mnamo Juni 2022, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva uliingiza usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi, na mkataba huo ukahesabiwa kati ya mikataba ya msingi. Yafaa wawakilishi wayajue haya kwa moyo, maana nyapara atasema "umegoma" kabla injini haijapoa.

Kwa hiyo tunayotaka yaingie katika mkataba wa pamoja ni haya. Trekta lisitoke gerejini ikiwa dereva ameandika pampu, mkanda au geji ni mbovu, mpaka fundi atie sahihi kwamba ametengeneza, na fundi asilazimishwe kutia sahihi bila spea. Dereva na utingo wa kulipwa kwa safari walipwe siku za kungoja matengenezo, kwa wastani wa siku zao za kawaida. Kipande chochote kilichotolewa katika injini iliyokufa kihifadhiwe mpaka shauri liishe, na kamati ya tawi ipewe nafasi ya kukitazama. Hapo tusikubali kulegea. Bila ile pampu juu ya meza, sisi tungekuwa watu wa kuomba msamaha mpaka leo.

Wakubwa watasema masharti haya yatasimamisha matrekta. Matrekta yanasimama sasa hivi, ndugu, tena yanasimama njiani yakiwa na miwa, kwa injini nzima, wakati yangeweza kusimama gerejini asubuhi moja kwa pampu. Mtu yeyote aliyewahi kununua vyote viwili anajua tofauti ya bei.

Lakini kabla ya mkataba kuandikwa, kuna daftari. Daftari la kawaida la shule latosha. Kila asubuhi dereva aandike tarehe, namba ya trekta, maji yaliyoongezwa ni kiasi gani, kitundu cha pampu kikavu au kimelowa, feni inacheza au haichezi, geji inafanya kazi au haifanyi, na jina la mtu wa gereji aliyeambiwa. Mistari mitatu, dakika tano. Kurasa ziandikwe namba kwa wino, ili ukurasa ukichanwa ionekane. Utingo asiyejua kuandika aweke dole gumba pembeni ya maneno ya dereva wake. Na kila Jumamosi nakala ipelekwe kwa mwakilishi wa tawi, aiweke nyumbani kwake. Isiwekwe kwenye kabati la ofisi.